Kabla Hujarusha Huki, Tazama Ngumi Yako

Kwenye gym za ngumi za Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Keko, kuna ubishi usioisha, na mara nyingi unaanza vijana wawili wakikutana kwenye begi moja. Mmoja anarusha huki, ile ngumi ya pembeni inayopigwa kiwiko kikiwa kimekunjwa, dole gumba likiwa juu, ngumi imesimama wima. Mwenzake anamcheka: "Oya, hiyo siyo. Kiganja kinaangalia chini." Wa tatu anatoa simu, anafungua video ya bondia wa Marekani, na ubishi unahamia kwenye kioo. Kocha mkali atawaambia waache maneno wapige kazi. Kocha mpole atasema zote sawa. Hakuna jibu linalomsaidia kijana katika hayo mawili, na baada ya muda utamkuta na kifundo cha mkono kimevimba, amekifunga kitambaa, anasema ameteguka tu.

Swali lenyewe limekaa vibaya. Huwezi kusema ngumi ya huki inakaaje kabla hujajua mpinzani amesimama wapi. Akiwa amekubana kifuani, dole gumba linakaa juu. Akirudi nusu hatua, kiganja kinageukia chini. Akiwa mbali zaidi na wewe bado unang'ang'ania huki, ngumi inabidi igeuke kupita hapo, dole gumba lielekee chini. Mabondia wanaopiga tofauti kwenye zile video wanaweza kuwa sahihi wote, kwa sababu kila mmoja alipiga kutoka umbali wake. Yasiyobadilika ni mawili: nundu mbili za kwanza ndizo zinazotangulia kufika, na kifundo cha mkono hakikunjiki.

Nundu ninazosema ni zile za kwenye mizizi ya vidole, zile zile mtu anazompigia mtoto konzi. Fanya jaribio hapo hapo ulipokaa. Legeza mkono wa kushoto, kisha kwa mkono wa kulia shika nundu ya kidole cha shahada uisukume juu na chini. Haiendi popote. Shika ya kidole cha kati, nayo imekaa imara. Ya kidole cha pete inacheza kidogo, na ya kidole cha mwisho inacheza kabisa. Mkono una mifupa 27: minane midogo ya kwenye kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Katika ile mitano ya kiganja, wa shahada na wa kati imefungwa kwenye kifundo kwa kano ngumu kiasi kwamba karibu haisogei. Ya pete na ya mwisho imeachiwa icheze ili uweze kukumbatia mpini wa jembe au usukani. Ukipigia ile miwili imara, mshindo unapita moja kwa moja kwenda kwenye kiwiko na bega. Ukipigia ya mwisho, mfupa unapinda shingoni karibu na nundu, na hapo ndipo unapovunjika. Hospitalini mvunjiko huo umebandikwa jina la mabondia, jambo ambalo si haki, maana wanaoongoza kuupata ni watu wasiojua ngumi: waliogombana baa, waliopiga ukuta kwa hasira za mapenzi. Bondia aliyefundishwa huumia kwingine, nitafika huko.

Yupo mkubwa asiyekubaliana na hili. Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, aliandika kitabu cha ufundi mwaka 1950 akishikilia kwamba mstari wa nguvu unatoka begani unashuka hadi kwenye kidole cha mwisho, kwa hiyo bondia alenge kwa nundu ya kidole cha pete. Dempsey alikuwa na ngumi za kuangusha watu wazima waliomzidi kilo nyingi, na sina ubavu wa kumbishia kuhusu ngumi zake mwenyewe. Lakini kijana anayeanza leo, mwenye bendeji moja iliyochakaa na glovu za kuazima, namwambia akae na nundu mbili za kwanza. Mifupa aliyoisifia Dempsey ndiyo inayocheza.

Sasa nenda kwenye ukuta. Jaribio hili linamaliza ubishi kuliko video yoyote, na halihitaji glovu. Kama unasimama kawaida, mguu wa kushoto mbele, simama bega la kulia likigusa ukuta. Kunja mkono wa kushoto mbele ya kidevu, kiwiko kifanye pembe kama ya kona ya meza, uweke ngumi kwenye ukuta taratibu, dole gumba likiwa juu. Nundu zitagusa vizuri. Geuza kiganja kiangalie chini: nundu bado zinagusa vizuri. Kwa pembe hiyo ya kiwiko, zote mbili zinakubali, na ndiyo maana wale vijana wawili kwenye begi wanaweza kubishana hadi saa mbili usiku bila mshindi.

Rudi hapo hapo ukutani, sasa fungua kiwiko, mkono uende mbele zaidi, ugeuze kiuno kidogo ngumi iufikie ukuta tena. Dole gumba likiwa juu, kinachogusa si nundu tena. Ni ule upande wa ndani wa vidole vilivyokunjwa, yaani umempiga mpinzani kofi. Geuza kiganja chini: nundu ya kidole cha shahada inafika, ila dole gumba liko nyuma yake karibu sana, na mpinzani akisogea kidogo tu utakuwa umempiga kwa dole gumba. Endelea kugeuza, dole gumba lishuke kuelekea sakafuni, na nundu zote mbili zinarudi ukutani. Umeona mwenyewe. Kadiri mkono unavyofunguka ndivyo ngumi inavyolazimika kugeuka ili nundu zisipotee.

Mashoto, wewe fanya yote haya kwa kinyume: bega la kushoto ukutani, mkono wa kulia ndio wenye kazi.

Nizungumzie zaidi ile ya karibu, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayeanza. Makocha huifundisha kwa kumwambia kijana ashike ngumi kama aliyeshika kikombe cha chai, na mfano huo una faida zaidi ya mmoja. Anayeshika kikombe hakunji kifundo, la sivyo chai inamwagika. Kiwiko chake kinabaki chini, karibu na mbavu, kwa hiyo hajauacha mwili wazi. Na ngumi ikiwa wima ni nyembamba: inapita katikati ya mikono ya mpinzani au nyuma ya kiwiko chake, mahali ambapo ngumi iliyolala ingekwama. Huki ya tumboni, hasa ile ya kushoto inayolenga ini chini ya mbavu za kulia za mpinzani, karibu kila mara inapigwa hivi, na wengine hukielekeza kiganja juu kidogo hadi inakuwa nusu huki nusu apakati, ile ngumi inayotoka chini kwenda juu. Ini halina ubishi. Ikifika vizuri, mtu anasimama sekunde moja kama hakuna kilichotokea, halafu anapiga goti.

Ya umbali wa kati, kiganja chini, kazi yake ni kupita juu. Mpinzani ameinua glovu mbele ya uso, bega lake limefunika kidevu. Huki iliyolala inapanda juu ya bega na kutua kwenye taya. Hapa kiwiko kinapanda mpaka kilingane na ngumi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kiwiko kikibaki chini huku kiganja kimegeuzwa, ngumi inapanda na kupangusa uso badala ya kuugonga, na kifundo kinakunjika kwa ndani. Kiwiko kikipanda kuliko ngumi, bega linabanwa, utaanza kulalamika maumivu ya bega usijue yametoka wapi, na mbavu zako zote ziko hadharani. Mwambie mwenzako akutazame kwa mbele: nundu, kifundo na kiwiko viwe kwenye mstari mmoja uliolala. Wala huhitaji macho ya kocha. Chukua rula ya mwanafunzi, ilaze juu ya mgongo wa mkono mpaka kwenye kigasha, ile sehemu kati ya kifundo na kiwiko. Rula ikikaa bila kuachia mwanya, ngumi imekaa. Ikinyanyuka upande mmoja, begi litakuadhibu.

Ya mbali, dole gumba chini, sitaieleza sana. Ipo, kuna mabondia wa Ulaya Mashariki wameipigia medali, lakini inataka miaka ya mazoezi na bega lisilo na historia ya kuumia. Mpinzani akiwa mbali kiasi hicho, piga jebu, ile ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele. Jebu ni bure.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwenye ngumi lakini kinaiharibu ngumi, nacho ni kukunja mkono njiani. Kijana anaanza huki mkono ukiwa umenyooka nusu, anaukunja ukiwa safarini, na ngumi inafika wakati kiwiko bado kinatafuta pembe yake. Hapo haijulikani nini kitagusa. Pembe ya kiwiko iwepo kabla ngumi haijaondoka, kisha mguu wa mbele na kiuno vizunguke vikiubeba mkono kama ulivyo. Joe Frazier alikuwa na bahati mbaya iliyogeuka bahati njema katika hili: aliumia mkono wa kushoto utotoni huko South Carolina, ukapona ukiwa umepinda, na hakuweza kuunyoosha kabisa maisha yake yote. Pembe ya huki ilikuwa ndani ya mfupa. Tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, raundi ya 15, mkono huo ndio uliomlaza Muhammad Ali chali. Sisi wenye mikono iliyonyooka inabidi pembe hiyo tuitengeneze wenyewe, kila ngumi.

Na ngumi yenyewe usiikamate kwa nguvu tangu mwanzo. Ukiikaza tangu kidevuni, mkono mzima unakuwa mzito na bega linachoka raundi ya pili. Kaa na ngumi iliyokunjwa lakini laini, vidole vimelala kiganjani, dole gumba limelalia nje juu ya vidole vya shahada na kati, kamwe lisiwe ndani na kamwe lisichomoze pembeni. Unabana pale tu inapofika, halafu unaachia ikirudi kidevuni. Kubana huko ndiko kunakokifunga kifundo.

Sikio litakwambia kama umepata. Huki iliyokaa inalia "ndu!", sauti nzito ya ndani, na begi linaruka. Huki ya kofi inalia "paa!", sauti tamu, watazamaji wanaipenda, begi linabembea tu. Vijana wengi wa mtaani wanapiga "paa" kwa sababu inasikika hadi barabarani. Kwenye ngumi za ridhaa sauti hiyo haina thamani. Jaji anahesabu pigo lililotua kwa sehemu ya nundu ya glovu iliyofungwa, kwenye uso, pembeni mwa kichwa au mwilini juu ya mkanda. Kupiga kwa ndani ya glovu ni kosa, na mwamuzi akikurudia onyo unapoteza pointi. Mabondia wetu Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike waliporudi na shaba mbili kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, walirudi kupitia macho ya majaji wa aina hiyo. Michael Yombayomba kabla yao, na dhahabu yake ya Kuala Lumpur ya 1998, vivyo hivyo.

Najua wapo watakaoniambia bondia Karim Mandonga hakusoma rula wala ukuta, na Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi yake aliyoibatiza Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi, na jina likaenea hadi kwa watoto wa chekechea. Sawa. Mandonga ameuza tiketi na kuchekesha taifa, na mchezo unahitaji watu wake. Ila mpe ngumi yako jina lolote ukishajua inatua na nundu zipi.

Bendeji. Hapa ndipo ninapokuwa mkorofi, maana nimeona watu wanaingia kwenye begi mikono mitupu kwa sababu bendeji imefuliwa haijakauka. Nunua mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko mkononi. Ya mtu mzima ni mita 4.5. Anza na kitanzi cha dole gumba, tanua vidole vyote kadiri vinavyoweza, kisha zungusha kifundo mara tatu kabla ya kitu kingine chochote. Kifundo kwanza, kwa sababu huki inakijaribu kifundo kuliko ngumi nyingine zote. Panda kwenye nundu mara tatu, pitisha katikati ya vidole, funga dole gumba peke yake, rudi kwenye nundu, malizia kifundoni. Muda wote huo kifundo kimenyooka. Ukifunga bendeji kifundo kikiwa kimekunjika, umekijengea kibanda cha kukunjikia. Ukimaliza, kunja ngumi: iwe imebana. Fungua: vidole visiwe vyeupe wala visife ganzi. Dada zangu wanaotoka saluni za Sinza moja kwa moja kuja gym, kucha za bandia na ngumi haviendi pamoja. Vidole havifiki kiganjani, ngumi inabaki na uwazi ndani, na uwazi huo ndio unaovunja.

Glovu za mitumba hazina ubaya wowote kama sponji iko mahali pake. Ingiza mkono, kunja ngumi, kisha mwenzako abonyeze juu ya nundu kwa dole gumba lake. Akizisikia nundu zako, hiyo glovu imebaki ngozi tu. Itundike ukutani iwe pambo. Kwa begi na sparing tafuta za aunsi 14 au 16. Zile ndogo za ulingoni, aunsi 8 kwa mabondia wa kulipwa hadi kilo 66.7 na aunsi 10 kwa wazito zaidi, zisubiri pambano. Na hakikisha dole gumba la glovu limeshonwa likaungana na mwili wa glovu. Lililo huru linachomoza, na hapo utakutana na mvunjiko wa shina la dole gumba ambao daktari Edward Bennett wa Ireland aliueleza mwaka 1882, tiba yake mara nyingi ni upasuaji wa kuweka pini.

Begi nalo. Mabegi mengi ya mtaani yameshonwa kwa turubai au gunia na kujazwa mchanga, au mchanga na matambara. Mchanga unashuka. Baada ya miezi michache juu ni laini, chini kumekuwa zege, na chini ndiko tunakopigia huki za tumboni. Kabla ya mazoezi lipapase kwa kiganja kutoka juu hadi chini. Ukikuta sehemu isiyobonyea, waambie wenzako mlishushe Jumapili mmwage mchanga, mjaze nguo chakavu zilizokatwa vipande, mkishindilia tabaka kwa tabaka. Kazi ya asubuhi moja, na matambara hayakosekani Manzese.

Huki ina maeneo mawili ya hatari ambayo ngumi iliyokaa vizuri kabisa haiwezi kukuokoa. La kwanza ni paji la uso na utosi. Unalenga taya, mpinzani anainama, ngumi inatua kwenye mfupa mgumu kuliko wako. Dawa yake ni kulenga chini zaidi ya unavyodhani: lenga taya lakini ukubali kutua shingoni karibu na bega, usikubali kutua juu. La pili ni ncha ya kiwiko cha mpinzani unapotafuta mbavu zake. Usirushe huki ya tumboni mtu akiwa amejifunga vizuri. Mtekenye juu kwa jebu kwanza, anyanyue mikono.

Hatari hizi zinakukuta zaidi ulingoni kuliko mazoezini, na kuna ushahidi. Madaktari waliofuatilia timu ya ngumi ya Uingereza kuanzia 2005 hadi 2012 waliona kwamba majeraha ya mkono na kifundo yalitokea kwenye mapambano mara nyingi sana kuliko mazoezini, saa kwa saa, ingawa mazoezini ndiko wanakopiga ngumi nyingi zaidi. Glovu ni nyembamba, mtu anasogea, hasira zimepanda. Na waliyoyakuta zaidi kwa mabondia hao mahiri ni kulegea kwa viungo ambako mifupa ya kiganja inakutana na kifundo, kuchanika kwa ile ngozi ya kano inayofunika nundu, na kano ya dole gumba. Yaani miaka ya kupigia nundu sahihi nayo ina gharama zake, ila ni gharama unazolipa polepole na unaziona zikija.

Mtaani hakuna hata hiyo glovu nyembamba. Agosti 1988 Mike Tyson, akiwa bingwa wa dunia asiye na mpinzani, alizichapa alfajiri huko Harlem na bondia mwenzake Mitch Green nje ya duka la nguo. Akavunjika mkono wa kulia, na pambano lake na Frank Bruno likasogezwa hadi Februari 1989. Kama mkono wa Tyson haukuhimili, wa kwako ukae mfukoni.

Nakazia haya kwa sababu ya namna mabondia wetu wanavyoishi. Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham Septemba 2018, na tangu hapo kila gym ina vijana kumi wanaosubiri safari yao ya Uingereza. Wakati wanasubiri, wanaendesha bodaboda, wanabeba zege, wanakata nyama. Chukua wa bodaboda. Mkono wake wa mbele ulingoni ni wa kushoto, ndio unaorusha huki. Mkono wake wa klachi barabarani ni huo huo. Kutoka Sinza Mori kwenda Mwenge saa kumi na moja jioni, kwenye foleni ya Shekilango, anabana na kuachia klachi hadi vidole vinamuuma, halafu saa kumi na mbili na nusu anafunga bendeji. Kijana wa namna hiyo asianze na huki. Aanze na kamba, miguu, ngumi za kunyooka za kulia na kushoto taratibu, mkono upate joto na damu, huki zije raundi ya nne. Na siku mkono huo umevimba, amepoteza gym na hesabu ya bosi kwa pamoja.

Ukiumia, mambo machache. Vua glovu na bendeji, usiendelee eti upoe nazo, uvimbe ukikutangulia itabidi zikatwe. Barafu: zile za ubuyu za kwenye vifuko vya plastiki, duka lolote wanazo, zifunge kwenye kitambaa uweke dakika 15 hadi 20, unarudia kila baada ya saa kadhaa. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo. Kisha jichunguze. Nundu imezama, haionekani kama zile nyingine? Ukikunja vidole taratibu, kimoja kinapanda juu ya mwenzake? Unasikia mfupa ukisagika? Ukibonyeza kile kibonde kilicho chini ya dole gumba, upande wa kifundo, unaruka kwa maumivu? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni eksirei siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kwa wakazi wa Sinza, Hospitali ya Palestina iko karibu, na mivunjiko migumu hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kile kibonde cha dole gumba kina mfupa mdogo ambao mpasuko wake wakati mwingine hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Maumivu yakiendelea, rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine, usiridhike na karatasi iliyosema uko salama.

Na usichuliwe. Kila mtaa una mzee fundi wa kukanda, na kwa misuli iliyokaza sina ugomvi naye. Lakini mfupa uliovunjika ukikandwa unahama, na uliokuwa wa kufungwa plasta tu unakuwa wa kupasuliwa. Picha kwanza, mzee baadaye.

Mfupa wa kiganja huunga kwa wiki nne hadi sita, ila kuunga si kuhimili. Daktari akikutoa plasta, anza kwa kufinya mpira wa tenisi na kukung'uta nguo zako mwenyewe unapofua. Kisha pushapu za ngumi, juu ya mkeka au godoro jembamba, si kwenye sakafu ya saruji, ukikagua kila mara kama uzito uko kwenye nundu mbili za kwanza. Jebu kwenye padi zinatangulia, mtu mwenye mkono laini akikushikia. Apakati zinafuata. Huki iwe ya mwisho kurudi, na ianze ile ya karibu, ya wima, kwa nusu ya nguvu, ukutani kabla ya begini, na rula ikiwa pembeni.